Sahani za Mama Wilkista

Migosi, Kisumu
3 Februari 2025

Kwa Rachael,

Kwa kuwa umenizuia kwenye simu kama mtu wa kuuza bima, nimelazimika kukuandikia kwa karatasi, jambo ambalo sijalifanya tangu nilipokuwa shule ya bweni. Anayekuletea barua hii ni Joram, akirudi huko Pap Onditi baada ya kuuza nyanya zake Kibuye. Ukijibu, andika. Usimtume aniambie kwa mdomo, maana huyo huongeza maneno yake njiani.

Nina swali moja tu. Ulimfanya nini mama yangu?

Nilimtoa kwako Desemba, baada ya kiharusi kumnyang'anya sauti na upande wote wa kulia, ili awe karibu na hospitali anakofanyishwa mazoezi. Nimempa chumba chenye vigae. Nimempa kitanda kile kinachoinuka chenyewe. Shukrani yake ni kurusha sahani. Jana samaki mzima alipaa akagonga ukuta, mchuzi ukateremka kwenye pazia langu jeupe. Anapiga kelele zisizo na neno mpaka majirani wanatoka nje. Anajikojolea makusudi ilhali choo kiko hapo hapo. Na juzi alimtemea mate mume wangu. Griffins, mzee wa kanisa, aliyemnunulia hicho kitanda!

Mama niliyemjua mimi alikuwa anaongoza akina mama kanisani, na hata kuku alikuwa hafukuzi kwa sauti. Haya ni mafunzo yako. Tangu mumeo, kaka yangu Oyugi, afariki mmekaa wawili tu katika ile nyumba, wewe na hiyo tabia uliyotoka nayo Bungoma, ukimjaza maneno juu yetu.

Daktari ameandika dawa ya kumtuliza. Akiinywa atakuwa analala mchana kutwa, na mtu aliyelala hafanyi mazoezi, kwa hiyo mkono utabaki vile vile mpaka kaburini. Bado hatujaanza. Kama kuna unachokijua, sema sasa.

Beldina


Pap Onditi
7 Februari 2025

Mke wa Mzee wa Kanisa,

Barua yako imefika ikinuka nyanya. Nimeisoma mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nacheka.

Unajua kazi yangu, ingawa hujawahi kuiuliza. Nafundisha watoto ambao shule nyingine zimewachoka, wale wanaong'ata, wanaovua nguo, wanaopiga vichwa ukutani. Nitakueleza kwa lugha rahisi ili ikufikie huko kwenye vigae. Hakuna anayefanya hivyo bure. Kila mmoja ama anatafuta kitu, ama anakimbia kitu. Ukimwadhibu kabla ya kujua ni lipi, unamwadhibu kwa uvivu wako mwenyewe.

Nilikuwa na msichana anaitwa Winny. Kila kipindi cha nyimbo alikuwa anararua daftari. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa anamtoa nje asimame juani, akijisifu kwamba amemkomesha. Kumbe mtoto masikio yake hayawezi ngoma, na nje ndiko alikokuwa anataka. Alikuwa analipwa kwa kila daftari alilorarua, na mwalimu hakujua kwamba yeye ndiye mlipaji.

Sasa wewe umeandika kwamba Mama anakojoa "makusudi". Makusudi gani, Beldina? Hilo ndilo swali, nawe umelifanya jibu. Usiniandikie unavyojisikia, na habari za pazia lako usinirudishie. Niandikie kilichotokea kabla tu ya sahani kuruka, na kilichotokea baada. Nani aliingia, nani alitoka, alipata nini, alikwepa nini.

Ingawa sina haja ya kusubiri. Jibu ninalo. Mama anataka kurudi nyumbani. Anautafuta mlango wake, kuku wake, na mimi. Mlimpakia kwenye gari akilia, nami nikalia, na wewe ukamwambia dereva afunge dirisha. Mpe ile leso yangu ya kijani niliyoiweka kwenye mfuko wake, halafu uone.

Mwalimu Rachael Nasimiyu


Migosi
14 Februari 2025

Mwalimu,

Ati unatafutwa wewe! Haya. Nimempa leso yako. Aliishika, akaipapasa kwa vidole vya mkono wa kushoto, akaitandika mapajani, akatulia kama maji ya mtungi. Nilikaribia kukuamini. Kisha Griffins akaingia na chai, akamwambia, "Mama, chai ndiyo hii, fungua mdomo," na kikombe kikaruka mpaka dirishani. Leso yako akajifunika nayo kichwa. Kwa hiyo leso unayo, jibu huna.

Nimechunguza kama ulivyotaka, si kwa sababu yako, ila pazia la pili nalo limeharibika. Nikimpa chakula mimi, anakula mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole, na anamaliza. Griffins akienda kupeleka mabati Katito na Sondu, nyumba inakuwa na amani. Siku hizo Mama huniashiria mapema, nampeleka choo, na kitanda kinabaki kikavu. Griffins akirudi, vita. Jumapili ndiyo mbaya kuliko zote, kikundi cha maombi kikija.

Basi huhitaji cheti cha ualimu kujua maana yake. Mama anamchukia mume wangu, na hakuanza leo. Miaka yote hiyo akija mjini, kliniki au mkutano wa kanisa, hajawahi kulala kwangu hata usiku mmoja. Alikuwa anaenda Nyalenda kwa binamu yangu Anyango, chumba kimoja cha mabati kilichokatwa kwa pazia, mvua ikinyesha maji yanaingia hadi chini ya kitanda. Nikimpakulia chakula hapa anasema ameshiba. Kisha nasikia amekula mrenda kwa Anyango mpaka akalamba vidole. Nilikuwa najifungia jikoni nalia, ujue. Nyumba nzuri namna hii, na mama yangu mwenyewe anaikimbia kama ina ukoma.

Ni dharau tupu. Sasa sauti imekwisha, dharau imehamia mkononi.

Beldina


Pap Onditi
18 Februari 2025

Beldina,

Kumbe ukilazimishwa unaweza kuona. Ila umeona moshi ukasema ni mawingu.

Soma ulichoandika. Anatulia mumeo akiwa Sondu. Anapiga kelele mumeo akiingia. Anajifunika kichwa. Anashindwa kushika mkojo mwanamume huyo akiwa nyumbani. Mimi nimekaa na watoto wanaofanya hayo yote mtu fulani akitokea mlangoni, na sababu nimeijua kila mara kabla ya kuitamka.

Anampiga, sivyo? Au anamfinya pale ambapo hapaonekani. Mtu asiye na sauti ni rahisi sana kumfinya. Nimeziona zile picha anazotuma kwenye kundi la kanisa, yeye na kijiko, yeye na beseni, yeye na Biblia juu ya magoti, tabasamu mpaka masikioni. Nilicheka siku ile. Leo sicheki. Mwanamume anayehitaji mashahidi wengi hivyo wa wema wake ana lake jambo.

Nakuja na chifu. Nakuja na nesi pia, na atamvua Mama nguo amkague mgongo, na wewe utasimama hapo utazame. Ulinichukulia mtu wa pekee niliyebaki naye ukamtia mikononi mwa huyo mnafiki, na kila siku ulikuwa unafua mashuka tu bila kujiuliza kitu.

Rachael


Migosi
21 Februari 2025

Mwalimu Rachael,

Bwana asifiwe. Beldina amenisomea barua yako akilia, nami nimeamua kukujibu mwenyewe, ingawa mtu wa heshima yangu hapaswi kubishana na mdomo kama wako.

Njoo na chifu. Njoo na jeshi lote ukipenda. Sijawahi kumwinulia mwanamke mkono, na nesi wako hatakuta hata alama ya mbu. Nitakuambia ninachomfanyia Mama, ili uone haya.

Ninamlisha kwa mkono wangu huu, kijiko kwa kijiko, mimi nimekaa hapa na yeye pale, uso kwa uso. Nani mwingine katika ukoo huo anamfanyia hivyo? Jumapili namuosha miguu mbele ya kikundi cha maombi, ili vijana wajifunze unyenyekevu. Naketi kitandani pake kumwombea. Na kwa kuwa njia ya kwenda choo inapitia sebuleni, nimeagiza mlango wa choo uachwe wazi na kiti changu nimekigeuza kielekee huko, asije akaanguka tusijue. Nayafanya hayo yote, naye anajivuta leso usoni na kugeukia ukuta. Nikimgeuza uso taratibu, "Mama, ni mimi mtoto wako," ananitemea.

Hujui inavyouma. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, hata sura yake siikumbuki. Nilipomwoa Beldina nilimwambia Mungu, sasa nimepata mama. Lakini tangu siku ya kwanza mama huyu alikuwa ananikwepa. Nikiingia mlango wa mbele, yeye anatoka wa nyuma. Nilivumilia. Watu wengine wanasema ni mila, lakini sisi tumeokoka, na Mama aliokoka kabla yetu sote. Kwangu hakuna mkwe wala nini. Kuna mama na mtoto.

Dawa ya kumtuliza inaanza Ijumaa ijayo. Isiposaidia, Pasaka tutamrudisha kwako, mazoezi yaishe, na wewe utakuwa umeshinda. Utafurahi.

Mzee Griffins


Pap Onditi
24 Februari 2025

Griffins,

Nilikukosea kwa jambo moja. Hujampiga. Ulichomfanyia kimemuumiza kuliko kipigo, na umekifanya kwa upendo, na kwa picha.

Sijui nicheke au nikuonee huruma. Wewe ni wa huku, umezaliwa huku, na inabidi mwanamke wa Bungoma akufundishe neno la kwenu. Yeye kwako ni maro, mama mkwe. Wewe kwake ni ora, mume wa binti yake. Maro hali chakula mbele ya ora wake. Halali chini ya paa lake. Haoni kitanda chake, wala ora haoni cha maro, sembuse kukikalia. Hata kwetu ni hivyo. Baba yangu akimwona nyanya yetu upande wa mama anakuja njiani, alikuwa anaingia kwenye mahindi na suti yake ya kanisani, anasubiri huko mpaka apite. Sisi watoto tulidhani wanachukiana. Siku nyanya alipokufa, baba alikataa chakula.

Tena unasema mmeokoka. Sawa, naye ameokoka. Lakini hakuna mtu aliyekwenda kumwambia miguu yake isitoke mlango wa nyuma ukiingia. Alipokuwa na sauti alikuwa anasema ameshiba. Alipokuwa na miguu alikuwa anaenda Nyalenda kwa Anyango. Hakuwaeleza, kwa sababu jambo hilo kwa mtu wa umri wake halielezwi, linajulikana. Alidhani mnajua! Sasa amefungwa chumbani mwako, na wewe umekalia kitanda chake, unamtumbukizia kijiko mdomoni, unamvua viatu mbele ya vijana, unamtazama akikojoa. Amebaki na mkono mmoja na mate. Anakuheshimu kwa hivyo alivyobakiwa navyo.

Hakuchukii, mjinga wewe. Angekuchukia angekula.

Na Beldina asome hapa. Hakuikimbia nyumba yako. Alikuwa anailinda.

Usimpe hiyo dawa. Mpelekeni kwa Anyango, pale pale alipopachagua mwenyewe miaka yote, ni karibu na hospitali kuliko hata Migosi. Beldina ampeleke mazoezini kwa tuktuk. Wewe Griffins kaa mbali. Ukitaka kumjulia hali, simama nje, kohoa, msalimie ukutani, uende zako.

Nilikaa na karatasi hii mpaka chai ikapoa. Ningenyamaza tu, Pasaka angekuwa hapa jikoni kwangu. Tangu mlipomchukua nyumba hii ina kimya kinachonitafuna, napika ugali wa watu wawili na kumwaga nusu. Nilitaka sana iwe ni mimi anayenitafuta, na ndiyo maana jambo lililokuwa wazi sikuliona. Lakini mngenirudishia mtu aliyelala.

Rachael


Migosi
10 Machi 2025

Rachael,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nakuchukia. Hakuna kitu kinachokera kama kufundishwa mila za kwenu na mgeni, tena kwa furaha ile uliyokuwa nayo. Nilikuona kabisa ukiandika huku umeinua pua.

Griffins alikasirika zaidi yangu. Alisema hatarudi nyuma kwa mambo ya giza. Alizunguka nyumba siku nzima bila kula, kisha nikamkuta amesimama kwenye mlango wa chumba cha Mama, nje ya kizingiti, anautazama tu mgongo wake. Mama alikuwa ameelekea ukutani na leso yako kichwani. Akaniambia, "Beldina, kwani angekuwa mama yangu mimi ningemkalia kitanda?" Dawa ikabaki kwenye pakiti.

Tukampeleka Nyalenda. Haki niliona aibu kupita na kitanda kile kwenye vichochoro, watu wakiuliza kama tumefukuzwa nyumba. Hakikuingia hata mlangoni. Anyango akacheka, akatandika godoro chini, akasema, "Wacha hiyo mashine huko nje, Mama anajua mahali yake." Na Mama alijua. Aliketi pale pale alipozoea, nyuma ya pazia, akashusha pumzi ndefu hivi ambayo sijamsikia akiishusha tangu Desemba. Alikula. Akamaliza. Akagonga sakafu apelekwe choo, choo cha shimo, cha majirani, na hajalowanisha shuka tena. Mazoezini wanasema kidole gumba cha kulia kimeanza kujikunja.

Jumamosi Griffins alikuja. Alisimama nje ya mabati kwenye matope, na viatu vyake vya kanisani, akakohoa kama ulivyosema. Alikohoa vibaya, kama mtu mwenye kifua kikuu. "Mama, ni Griffins. Umeamkaje?"

Mama alikuwa anakula ngege. Nilikamata sahani kwa mikono miwili, nikajua sasa inaruka. Hakurusha. Alijifunika kichwa. Kisha akakata kichwa cha samaki kwa mkono wake wa kushoto, akakiweka pembeni, akaisukuma sahani kuelekea mlangoni. Mimi na Anyango tukatazamana. Akaisukuma tena, akagonga kijiko, tang, tang, amekasirika kwa ujinga wetu, mpaka Anyango akaelewa akakitoa nje.

Kichwa cha ngege, Rachael, kipande cha heshima. Mimi ni binti yake wa pekee na sijawahi kupewa. Griffins alikula amesimama kwenye matope, analia na kula, anatema miba na kulia. Picha hakupiga.

Kwa hiyo Mama hatarudi kwako. Wala kwangu hatarudi. Daktari anasema mazoezi ni ya mwaka mzima. Leso yako hataki ifuliwe, tukiigusa anaivuta.

Beldina


Pap Onditi
15 Machi 2025

Wifi,

Nimekufungulia simu. Usiitumie ovyo.

Nimeisoma barua yako mbele ya darasa langu, watoto wakirarua walichorarua. Nililia, na sikujificha. Nimelia kwa sababu amekula, na nimelia kwa sababu hatarudi, na sijui ni lipi lililonilemea zaidi. Kuku wake bado wanakaa mlangoni mwake asubuhi wakimngoja.

Jumamosi ijayo nakuja na Joram. Ninaleta viazi vitamu, na kuku mmoja wa Mama, yule mwekundu. Mwambie Griffins akae nje, nitampelekea paja lake huko huko kwenye matope, na ajifunze kukohoa kama binadamu.

Usinipikie, na usinitandikie kitanda hapo Migosi. Nitakula kwa Anyango na nitalala kwa Anyango, chini, karibu na Mama. Wala usije ukajipa moyo bure sasa kwa kuwa umesoma kidogo. Yeye alikuwa anafanya hivyo kwa heshima. Mimi ni kwa sababu siipendi nyumba yako.

Ila njoo. Utukute tukila.

Rachael